Burnusi ya Ami Tayeb

Mwanao akipata mlezi mwema, mshukuru Mungu, lakini usiache kumwangalia. Najua neno hili ni chungu, na wapo watakaosema Mbarka amechanganyikiwa tangu mwanawe afungwe. Waseme. Nimesoma darasa la sita tu, kupamba maneno sijui, ila nina mtoto gerezani na jirani yangu ana mtoto kaburini, na yote mawili yametokana na shukrani. Sikukosea kuandika. Shukrani.

Vijana wasio na kazi hapa kwetu Ain Lefhal wana ukuta wao, ule wa nyuma ya soko la mboga. Wanauegemea tangu asubuhi mpaka jua liwahamishie upande wa pili. Tunasema fulani ameoa ukuta. Mume wangu alipokufa na lori lake njia ya jangwani, Zoheir wangu akaacha shule, akaenda kuoa ukuta na yeye, hata ndevu hana. Nilikwenda kumlilia. Nikaenda kumtukana. Nikawatuma wajomba zake. Wapi.

Ndipo akatokea Ami Tayeb, msimamizi wa Nyumba ya Vijana, mtu mrefu, mkali, viatu vyake siku zote vina vumbi la mlimani. Akasimama mbele ya mwanangu pale ukutani.

"Wewe, ukiondoka hapo huo ukuta utaanguka?"

Wenzake wakacheka.

"Hautaanguka. Basi njoo unisaidie kubeba mahema. Ukirudi utaukuta palepale."

Zoheir hakurudi. Alibeba mahema mwaka huo na mwaka uliofuata. Akafundishwa kufunga jeraha, kufunga fundo, kukaa katikati ya wavulana wawili wanaotaka kuuana bila kupandisha sauti. Ilipofika nafasi ya chuo cha walezi wa vijana, Ami Tayeb alikwenda kukaa kwenye benchi la ofisi ya mkoa, akawaambia haondoki mpaka jina la kijana wake liandikwe, na chai aletewe. Wakaliandika ili wapate benchi lao. Zoheir akarudi na cheti. Mzee alipostaafu, funguo za Nyumba ya Vijana zikaja kwa mwanangu.

Mwenyewe alikuwa akiniambia, "Mama, nikifungua mdomo mbele ya watoto, anayesema ni Ami Tayeb. Mimi nimeazima tu."

Sasa mimi mjane ningemlipa nini mtu kama huyo? Kwetu, aliyekutendea jambo lisilolipika unamvika burnusi, joho la sufu, mbele ya watu. Nikatega kitanda cha kufumia, nikafuma msimu wote wa baridi, sufu ya kondoo nimechanganya na ya ngamia, kuanzia kofia mpaka upindo. Burnusi ya maana ni nzito. Nyepesi ni ya kuwauzia wageni.

Ami Tayeb alikuwa na sheria nyingi, lakini moja ilizishinda zote, na mtoto yeyote wa mji huu aliyewahi kulala hemani anaijua. Korongo ni kitanda cha maji. Maji yakisafiri, usilale kitandani mwao, maana yakirudi hayabishi hodi. Watoto walikuwa wakiiimba kwa kuidhihaki, wakiigiza sauti yake ya puani, na yeye anawaacha. Alisema kinachodhihakiwa hakisahauliki.

Alikosea. Kinasahaulika.

Mkewe alipofariki, Ami Tayeb akaanza kupotea kidogo kidogo. Alimwagiza mkate mwokaji ambaye tulishamzika. Aliniuliza habari za mume wangu, kama amerudi safari. Alivaa viatu vya jozi mbili. Sote tuliona, na sote tukamfunika, kama mnavyomfunika mgeni wa heshima aliyemwaga mchuzi. Mwenye duka alimrudishia alichokilipia mara ya pili, hasemi kitu. Imamu alimsogeza taratibu aelekee kibla. Zoheir alipita kwake kila alasiri, na nikimgusia ananijibu, "Amechoka tu, Mama. Nawe ukifika umri wake utachoka."

"Mpeleke kwa daktari."

"Nimwambie nini? Ami, wewe ndiye uliyenipa akili, twende tukaipime yako?"

Mwisho wa kiangazi akaniambia amepata wazo. Kambi ya vuli ingefanyika mahali pao pa zamani, juu ya korongo, kwenye uwanda wa mawe, na siku ya kwanza Ami Tayeb angevikwa burnusi mbele ya watoto wote. Nikaombwa nije nipike, na nikakubali, kwa furaha na kwa wasiwasi. Mimi ni mtu wa wasiwasi, sikatai. Nilibeba siki kwa ajili ya nge, nikajaribu mpira wa gesi kwa povu la sabuni, nikawakagua watoto viatu.

Nihad, binti wa jirani yangu Fadhila, alinisimamia, mikono kiunoni, kama mama mkwe. Alikuwa na mdomo kama redio isiyo na kitufe.

"Mama Mbarka, ya nge umeleta. Ya nyoka umeleta. Ya simba je?"

"Huku hakuna simba."

"Kumbe simba ndiye peke yake usiyemwogopa."

"Nakuogopa wewe. Toka kwenye sufuria."

Akacheka akaenda zake. Alikuwa amepewa kazi ya heshima siku ile: burnusi ikishavikwa, yeye ashike upindo wake usiburuzike mchangani, mpaka mzee akae.

Sasa sikilizeni jinsi ilivyokuwa. Katika Nyumba ya Vijana kuna desturi ya mlingoti. Mkubwa wa kambi ndiye anayeubeba mlingoti wa bendera, anatembea nao peke yake, na pale anapouchomeka ndipo kambi inapokaa. Hakuna anayeugusa tena mpaka siku ya kuondoka. Desturi hiyo aliileta Ami Tayeb mwenyewe, ili watoto wasigombee kivuli. Siku ile Zoheir, kwa kumheshimu, akauweka mlingoti mikononi mwa mzee.

"Kambi ni yako, Ami. Leo mimi ni mtoto tu."

Mzee akaupokea. Uso ukamng'aa, akanyooka mgongo, akawa yule wa zamani. Akatembea. Tukamtazama akiufikia uwanda wa mawe, mahali pale alipochomeka miaka yote, watoto wameshaanza kupiga makofi. Akaupita. Akateremka kwenye njia ya mbuzi mpaka ndani ya korongo, penye mchanga laini na vichaka vya difla, yale maua mekundu ambayo hata mbuzi hayali. Akauchomeka mlingoti katikati ya mchanga, akageuka, akatuita kwa mkono.

Makofi yakafa.

Halafu Sabrina, msaidizi wa Zoheir, msichana aliyelelewa na Zoheir mwenyewe tangu yuko na mikia miwili ya nywele, akamsogelea. "Kaka, ametuteremsha korongoni."

"Nimeona."

"Tufanyeje?"

Zoheir akatazama mbingu. Zilikuwa safi juu yetu, buluu tupu. Mbali, juu ya mlima, kulikuwa na weusi kidogo, kama chini ya sufuria.

Nikamwambia, "Zoheir, mwanangu, mtoe pale."

"Mama, asubuhi umeniambia gesi italipuka. Mchana umeniambia mkate una kioo."

"Hayo nilikisia. Hili ni la kwake mwenyewe. Ni yeye aliyewafundisha."

Akanivuta pembeni. Sauti yake ilikuwa ya upole, na upole ule ndio unaoniamsha mpaka leo. "Watoto wote hawa wamekuja kumwona. Nikimwambia mbele yao amekosea, ndani ya sheria yake mwenyewe, nitakuwa nimemvua nguo. Mimi, aliyenivisha. Tutamvika burnusi palepale, saa moja tu, jua bado lipo. Jirani yake anakuja kumchukua kabla ya magharibi. Akishaondoka tunahamisha kila kitu juu, na hatajua kamwe."

"Na maji je, yatamngoja huyo jirani?"

"Mama. Tafadhali."

Akamgeukia Sabrina. Sabrina akainamisha macho, akasema, "Sawa, kaka." Yeye naye alikuwa na wake wa kumshukuru.

Tukateremka. Niliwatanguliza watoto wadogo wakae upande wa njia ya mbuzi, na hilo nililifanya bila kumuuliza mtu. Mzee akawekewa kiti chini ya mlingoti. Zoheir akasimama mbele yake na karatasi, halafu akaikunja akaitia mfukoni, akaanza kusema tu. Alisema habari za ukuta. Alisema habari za benchi la ofisi na ile chai, watoto wakacheka. Alisema, "Kila mtoto niliyemtoa mahali pabaya, mkono uliomtoa ni wa Ami Tayeb, mimi ni kidole tu." Nikalia. Pamoja na hofu yangu yote, nililia, maana ilikuwa kweli.

Akamsimamisha mzee, akamvika burnusi. Ilimkaa vizuri. Nihad akashika upindo kwa mikono miwili, ameung'ang'ania kama upindo wa bibi harusi anayetaka kukimbia.

Ami Tayeb akainua kichwa. Nilidhani anataka kushukuru. Akageuza sikio upande wa mlimani, akavuta pumzi puani, na macho yake, wallahi, yakawa macho ya zamani. Akatazama mchanga. Akatazama watoto waliokaa safu kwa safu.

"Nani kawakalisha watoto korongoni?"

Watoto wakautazama mlingoti.

"Zoheir. Nakuuliza wewe. Nilikufundisha nini?"

Mwanangu alikuwa ameshika karatasi yake mfukoni. Angeweza kumwambia, ni wewe, Ami, umeuchomeka wewe. Hakusema. Akasema, "Nisamehe, Ami."

"Toa watoto. Toa watoto sasa hivi."

Sabrina akaanza kupiga filimbi kabla mzee hajamaliza. Kisha tukausikia, mlio kama malori mengi yanakuja kwa pamoja kwenye barabara ya changarawe. Watoto wakakimbia njia ya mbuzi, wakubwa wakiwasukuma wadogo, mimi nimewashika wawili kwa kola. Nilipofika juu nikageuka, nikaona maji yakiuzunguka mkunjo wa korongo. Hayakuwa maji ya kunywewa na mtu. Yalikuwa matope yanayotembea, mbele yake yamebeba magogo na mzoga wa kondoo.

Mzee alianguka kwa goti. Zoheir akamgeuzia mgongo, akambeba, mikono yake miwili ameifunga nyuma chini ya mapaja ya mzee. Nihad alikuwa bado ameshika upindo. Aliambiwa asiuachie mpaka mzee akae, na mzee hakuwa amekaa.

Nilimsikia Zoheir akimwambia, "Achia hiyo, shika mkanda wangu! Shika mkanda!" Na mtoto akashika.

Yakawafika magotini. Yakawafika kiunoni. Sufu ikinywa maji inakuwa nzito mara mbili, mara tatu, mfumaji anajua. Nilimwona mwanangu akiinama chini ya ule mzigo, akijaribu kuuchomoa mkono mmoja urudi nyuma kumtafuta mtoto, na kila alipolegeza, mzee akateleza. Akaurudisha mkono. Hatua. Hatua nyingine. Sabrina na mimi tukamvuta kwa shati, akatoka, na Ami Tayeb mgongoni.

Mkanda wake haukuwa na mtu.

Walimkuta kesho yake asubuhi, chini sana, kwenye difla.

Nilikwenda msibani. Wengine walinishauri nisiende, nikaenda, maana asiyekwenda ameshajihukumu. Fadhila alikuwa amekaa kwenye godoro katikati ya wanawake. Hakunifukuza. Aliniachia nafasi pembeni yake, nikakaa, akanong'ona kama mtu anayeuliza bei ya nyanya.

"Mbarka, niambie kitu kimoja tu. Mikono ya mwanao ilikuwa na nini?"

Aliangalia viganja vyake mwenyewe, akavifunga.

Mahakamani Zoheir alisimama akasema mahali alipachagua yeye. Nilikuwa nimemwambia kabla, kule rumande, kwamba nitasema kweli, kwamba watoto wote waliona nani aliyebeba mlingoti. Akanijibu kwa upole uleule, "Ukilitaja jina lake, Mama, nitawaambia mama yangu anaota. Na hata ukisema, itabadilisha nini?"

Haikubadilisha kitu. Nililitaja, nikasimama nikaeleza yote. Hakimu alinisikiliza mpaka mwisho, mtu wa makamo, hakuwa mbaya. Akamgeukia mwanangu.

"Mlingoti aliubeba mzee. Watoto wenyewe walikabidhiwa nani?"

"Mimi."

"Ulijua pale ni hatari?"

"Nilijua."

"Ulifundishwa na nani?"

Zoheir akanyamaza hapo. Hakimu akaandika.

Basi, wanawake wenzangu, na ninyi vijana mnaolea watoto wa watu, haya ndiyo niliyoyaleta. Sisemi msiwashukuru waliowatoa ukutani. Washukuruni. Wapelekeeni kitoweo, waombeeni, tajeni majina yao mbele ya watu. Lakini mkimpata mtoto mwenye adabu sana kwa mlezi wake, mfundisheni jambo moja zaidi, mfundisheni mapema akiwa mdogo, na kwa mambo madogo: mwalimu wangu, hapana, hapo siendi. Alisemee sebuleni mpaka ulimi uzoee. Mwanangu alijua kufunga fundo na jeraha. Neno hilo hakulijua, na mimi niliona fahari alipokuwa halijui. Watu walisema Zoheir ana adabu, nikavimba.

Ami Tayeb yu hai. Zoheir aliniomba nimwangalie, ndilo aliloniomba la kwanza nilipomtembelea gerezani, kabla hajaulizia hata sigara. Kwa hiyo kila mchana nampelekea supu ya shorba na mkate. Anavaa burnusi ile. Niliifua, lakini ilikauka ikiwa imejikunja upande mmoja, na harufu ya matope haikutoka. Siku nyingi ananiuliza nani aliyeifuma, namwambia mimi, anasema mikono yangu ibarikiwe. Siku nyingine ananihadithia kwamba kuna mjinga mmoja aliwaweka watoto korongoni, na mtoto mmoja akafa. Anatikisa kichwa. "Hakulelewa na mimi huyo."

Juzi mlima ulikuwa mweusi tena. Nilipofika nilimkuta amesimama mlangoni, burnusi imefungwa mpaka shingoni, mkononi ameshika mpini wa ufagio.

"Nipishe, binti. Watoto wananingoja kambini."

"Leo hakuna kambi, Ami. Shorba inapoa."

"Zoheir ananingoja. Bila mimi hajui pa kuchomeka."

Nilikuwa na ndiyo, Ami, mdomoni tayari. Ningemwambia ndiyo, ningemfuata nyuma mpaka kona, angesahau, tungerudi. Ndivyo tunavyofanya mtaa mzima. Nikamsogeza ndani, nikaweka sufuria chini, nikafunga mlango, nikauegemea kwa mgongo.

"Hapana, Ami Tayeb. Huendi."

"Unasemaje?"

"Nasema huendi. Umesahau njia. Ukienda utapotea."

Hakuna aliyekuwa amemwambia neno hilo. Aliduwaa, kisha akawaka. Akaniita mwanamke asiye na adabu, mke wa dereva, asiyejua kusoma. Akainua mpini wa ufagio. Mtu huyu ndiye aliyenirudishia mwanangu, na mkono wangu ulikuwa ukitaka kufungua mlango wenyewe. Sikufungua.

Mkono wake ulichoka kabla ya wangu. Akashusha mpini, akakaa kwenye mkeka, akaivuta kofia ya burnusi usoni. Nje mvua ilianza kugonga bati.

Baadaye kidogo akaniuliza, kwa sauti ndogo, "Watoto wako juu?"

"Wako juu, Ami."

"Wote?"

Nilimmiminia shorba, nikamshika mkono, nikamwambia habari za Nihad.